Jirani Yetu Mwenye Presha, Pumu na Tezi Dume

Gavana aliingia mgahawa wa donati na gazeti kwapani, akavuta kiti chake cha dirishani bila kusalimia mtu. Huyu Gavana hajawahi kutawala chochote. Aligombea udiwani mara moja hapa mjini Pruett akapata kura kumi na moja, na ukoo wake peke yake una watu ishirini.

"Serikali imeingilia tena," akasema. "Bunge la jimbo limepitisha sheria. Zile dawa ambazo kampuni zinauzia zahanati za wasio na uwezo kwa bei ya chini, kampuni zilikuwa zinasema, tunazipeleka duka moja tu kwa kila zahanati, basi. Sheria inasema mwiko. Zahanati ikichagua duka lolote la dawa Arkansas nzima, mzigo ufike hapo."

"Hata kwa Verlene hapo mbele?" akauliza Trekta. Alitengeneza matrekta miaka arobaini, na kifua chake bado kinakoroma kama injini.

"Hata kwa Verlene."

Tukageuka dirishani sote. Duka la dawa la Verlene liko ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na meza yetu, na hatujawahi kumwacha mtu aingie pale bila kumjadili.

"Mimi hainihusu," nikasema haraka. "Sijawahi kukanyaga hiyo zahanati ya bei nafuu ya Dellford."

"Nani kakanyaga?" Gavana akadakia. "Vitu vya serikali mimi sitaki."

"Na ile hela ya uzeeni, anakutumia mama yako?" Trekta akamchokoza.

"Ile ni haki yangu. Usichanganye mambo, bwana."

Kambare akaguna. Jina lake Delmus Tackett, na maisha yake yote amefuga kambare. "Hivi Jumanne huwa mnakwenda wapi nyinyi?"

"Kuvua," tukajibu watatu kwa pamoja.

"Kuvua Dellford, maili sabini, na mto uko huku nyuma. Trekta, samaki uliyeniletea juzi alikuwa na karatasi ya bei mkiani."

"Aliinasa mwenyewe huko majini."

"Na alikuwa ameganda."

"Maji ya baridi."

Tulicheka, ila si sana. Kambare alikuwa amevaa kiatu mguu mmoja, mwingine ulikuwa umevimba ndani ya ndala. Hakuna aliyeuliza. Kwa kutouliza, meza yetu haina mpinzani.

Mara Verlene akavuka barabara na koti lake jeupe, akaweka karatasi katikati ya vikombe.

"Wazee wangu, Dellford wanataka majina ya wagonjwa wao wa hapa Pruett wanaotaka dawa zihamie kwangu. Mwisho leo saa sita. Yasipofika manne hawaniweki kwenye orodha, na watu wataendelea kusafiri. Mpaka sasa sina hata moja."

Gavana akaanza kusoma hali ya hewa ya majimbo ambayo hajawahi kufika.

"Haya, lete," akasema mwishowe. "Nina jirani yangu, masikini ya Mungu, ana presha."

"Na mimi nina jirani," Trekta akasema. "Pumu."

Karatasi ikanifikia. Nikaandika kwa herufi ndogo kabisa: tezi dume, jirani.

Verlene akasoma. "Kwa hiyo jirani yenu ana presha, pumu na tezi dume, na hana jina. Dawa nimkabidhi nani?"

Kambare akaivuta karatasi. "Andika Delmus Tackett. Sukari." Akamsogezea Verlene karatasi. "Macho yamekwisha, Dellford siwezi kuendesha tena. Tangu mwezi wa pili najidunga nusu dozi ili dawa isiishe. Mguu ndio huu mnaouona. Naogopa, jamani."

"Sasa mbona hukusema?" nikamwambia. "Mimi kule nakwenda kila..."

"Kila Jumanne," akamalizia. "Ningekuombaje lifti, na wewe unakwenda kuvua?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Magari matatu, barabara moja, siku moja, viti vitupu, na kila gari lilipita mbele ya nyumba yake. Tena mimi nilikuwa nampigia honi.

Gavana akachukua kalamu, akafuta neno jirani, akaandika Arvil Eugene Stroud kwa herufi za bango la kampeni. Trekta akafuata, kisha mimi. Verlene akahesabu manne, akamshika Kambare mkono.

"Twende sasa hivi. Dawa ya kuanzia nitakupa mimi."

Tukawatazama wakivuka barabara polepole. Kwa mara ya kwanza mtu aliingia pale na meza yetu haikuwa na la kusema.

Wiki tatu baadaye mzigo wa dawa ukafika kwa Verlene. Kambare alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na viatu viwili. Gavana alikuwa nyuma yake, akimweleza mke wa mchungaji kwamba amemsindikiza mgonjwa. Trekta alikuwa ameingia kuuliza njia, katika mji aliozaliwa. Mimi nilikwenda kununua dawa ya meno. Mpaka leo ninazo kumi na moja nyumbani, na meno yenyewe ni ya bandia.