Munyama wa Kabla ya Gharika na Mwizi wa Mukia

Jumanne, 4 Machi
Mimi Timothée leo nimepata kile watu wa masomo wanatafuta tangu zamani. Kwenye dimbwi la mawe, kando ya muto Tshopo. Kichwa cha samaki, miguu mine, mukia murefu kama kidole changu cha kati, na vidole vyangu si vifupi. Iko sawasawa na picha ya kitabu cha binti yangu Josée, mwalimu: munyama wa kwanza kutoka majini, aliyekwisha kabla ya gharika ya Nuhu. Hakukwisha. Alikuwa ananingoja.

Nimemutia ndani ya beseni mupya, ile Josée aliweka kwa mutoto atakayezaa mwezi huu. Ameuliza mutoto ataoga wapi. Nimejibu mutoto atangoja. Munyama amengoja zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Redio imesema anayegundua munyama mupya, munyama anaweza kupewa jina lake. Bon. Niko na wajukuu tisa, hakuna hata moja mwenye jina langu. Eti mimi mugomvi. Jirani Abdulhamid, fundi wa nguo, iko na ndoyi watatu, watoto waliopewa jina lake. Ukiita Hamidi kwake, watoto watatu wanaitika na mbuzi moja inainua kichwa. Donc huyu atakuwa ndoyi wangu. Timothée, mpaka kwenye vitabu vya Ulaya.

Aziza, binti wa Abdulhamid, anasoma mambo ya wanyama universite. Amepita, amechungulia. "Papa Timothée, huyu ni mutoto wa chura. Wiki haitaisha, mukia utakwisha. Umuwekee jiwe apande, ao atakufa maji." Nimemuuliza nani amemutuma. Ameapa hakuna mutu. Waliotumwa wote wanasema hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeweka jiwe. Wazo langu mwenyewe.
Amekataa kwanga, mukate wetu wa muhogo. Hata mimi, nikiwa na mambo makubwa, sili.
Mukia asubuhi: kidole kizima. Magaribi: pingili mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Pingili moja. Mutu ananiibia mukia kidogo kidogo. Nani iko na mikasi kwenye hii avenue? Fundi wa nguo.

Nimekaa na fimbo mbele ya beseni tangu asubuhi. Hakuna mutu amekaribia. Saa kumi, mukia umepungua tena. Ni mwizi hodari kabisa. Josée anasema si Aziza alikwisha kunieleza. Ndiyo. Mutoto wa mwizi alinitajia mpaka siku ya wizi.

Jumapili, 9 Machi
Nilialika avenue nzima baada ya misa, na profesa moja wa universite. Nilivaa koti ya harusi. Nilihubiri juu ya Nuhu. Nikaondoa kitambaa.

Chura. Amekaa juu ya jiwe, ananiangalia bila haya.

Profesa alisema kwa heshima kwamba wako wengi. Watu walicheka. Nikamunyooshea Abdulhamid fimbo, nikamwambia arudishe mukia wangu. "Ndugu Timo, ingia kwangu utafute. Ukiupata, nitakushonea suruali yenye nafasi yake."

Josée hakucheka. Alishika tumbo. Tukaita toleka, akapanda kwenye baiskeli, na Abdulhamid alikimbia kando akimushika mugongo mpaka maternite. Mimi nilibaki kulinda ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Mutoto mwanaume. Iko na masikio yangu. Josée amesema pale kitandani: "Papa, nenda uombe Papa Abdulhamid masamaha leo. Ukifanya hivyo, mutoto ni Timothée. Ukikataa, nitamupa jina la yule aliyekimbia kando ya baiskeli."

Ndoyi. Nilimubeba kidogo. Mwepesi. Nikaenda.

Njia nzima nilikuwa nasema lile neno ndani ya kinywa, nisamehe, nisamehe, lisinipotee. Abdulhamid alinipa kiti. Alinipa chai. Alisema hata kabla sijafungua kinywa: yamekwisha, mukubwa wangu.

Karibu na mashine yake kulikuwa na kitu cheusi, chembamba. Alisema ni kamba ya koti.

Nilikipima. Kidole kizima. Nikakitia mufukoni, na lile neno likanipotea.

Jumanne, 11 Machi
Mutoto anaitwa Abdulhamid. Sawa. Sasa wako wane, na mbuzi.

Chura nimemubatiza mwenyewe Timothée. Aliruka kwenye mufereji kabla sijamaliza sala.

Nimeandikia profesa arudi haraka. Mukia uko kwangu, ndani ya chupa ya lotoko, pombe kali ya hapa. Tangu asubuhi umeanza kuota manyoya. Hiyo hata Nuhu hakuona.