Kombi ya Kilomita Yajaribiwa Mpaka Kisian

"Sikilizeni hii," akasema Redio, akakung'uta gazeti kama mtu anayefukuza kunguru. "Mjerumani mmoja na bibi yake wameingia Kisumu juzi na gari ya kulala. Ndani kuna kitanda, stovu, mpaka pazia. Na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Wanazunguka ziwa wakiangalia."

"Wakiangalia nini?" akauliza Dakta Plasta.

"Wakiangalia tu. Imeandikwa hapa: mandhari."

"Hiyo mandhari ni ya nani?"

"Si ya mtu, bwana. Ni milima, maji, viboko."

"Mtu anatoka Ujerumani kuja kuangalia maji? Kwao wanaoga na nini?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1973, saa nane mchana, kwenye benchi la Mama Aoko nyuma ya stesheni ya reli, mahali pa chai na mandazi. Redio jina lake ni Obiero, ila hana kifungo cha kuzima. Dakta Plasta ni Walubengo, dresa wa zahanati. Hata ukienda na malaria atakutafutia mahali pa kubandika plasta. Mimi wananiita Karani kwa sababu nawaandikia watu barua. Wa nne ni Oketch, dereva wa lori la murram ya barabara, ambaye tulimbatiza Kilomita. Sisi tulikuwa bado tunahesabu maili, yeye alikuwa ameshahamia kilomita na familia yake yote.

Kilomita hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mimi pia naenda," akasema.

"Ujerumani?"

"Usenge. Na bibi yangu na mapacha. Tunapita Kisian, tunalala Asembo Bay, asubuhi tunaingia Usenge tuone maboti na visamaki vya omena vikianikwa. Gari si iko?"

Wote tuligeuka kuitazama. Ilikuwa Kombi kuukuu aliyoinunua kwa mwoka mikate. Ubavuni bado ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: MKATE MOTO KILA ASUBUHI.

"Omera, ndugu yangu," akasema Redio, "wale mapacha wana umri gani?"

"Mwaka moja na miezi tano."

"Wawili?"

"Mapacha huwa wangapi, Redio?"

"Nauliza kwa sababu hata mmoja akilia kule kwako Mamboleo mimi huku nafunga dirisha."

"Na Asembo," Plasta akadakia, "si ndiko kwa mama mkwe wako? Utapita bila kusimama?"

"Nitasimama."

"Ukisimama utalala wapi? Mkwe halali kwa mama mkwe, hata mimi Mbukusu najua."

"Nitalala ndani ya gari!"

"Na gari italala wapi?"

"Kwa boma."

"Boma ya nani?"

"Ya mama mkwe. Lakini gari iko na magurudumu. Mtu akilala juu ya magurudumu hajalala kwa mtu."

"Ukizima injini umelala," akasema Redio. "Sheria iko hivyo."

"Basi nitaiacha ikinguruma mpaka asubuhi!"

Mama Aoko alicheka mpaka mandazi yakaanza kuungua. Redio akaendelea kwamba shemeji kumi na wawili watadai lifti na kuku wao, kwamba Kombi itarudi Kisumu ikiwa imejaa wakwe, na bibi mwenyewe ametupwa juu ya keria ya paani. Ndipo Kilomita akainua mkono.

"Beldina hapiti zaidi ya nyumbani Mamboleo na sokoni tangu wale watoto wazaliwe," akasema. "Juzi nimeingia jikoni nikamkuta anasonga ugali. Macho imefungwa. Amelala, bwana, amesimama hivi, na mkono inazunguka tu. Nikasema huyu mtu lazima nimpeleke mahali."

Hapo hata Redio alikunja gazeti. Na kama vile ameitwa, Beldina mwenyewe akatokea upande wa sokoni, Adongo mgongoni, Apiyo ubavuni, kapu kichwani. Sisi humwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa heshima.

"Nyar Asembo," akasema Redio kabla Beldina hajaketi, "bwana yako anataka kukulaza kwa gari ya mkate."

Ikawa wazi usoni mwake kwamba hakuwa ameambiwa. Kilomita alieleza yote, kutoka stovu hadi pazia, akichora barabara mezani kwa chai iliyomwagika. Beldina alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani atapika?"

Kilomita akaangalia chai.

"Nani ataosha nepi?"

"Ziwa iko karibu."

"Nimeuliza nani, sijauliza wapi. Na nani atashika hawa wawili wewe ukiangalia mandhari?"

Kisha Beldina akatabasamu, tabasamu ambalo sasa najua lilipaswa kunitia hofu.

"Plani ni nzuri," akasema. "Lakini gari haijajaribiwa na watoto. Nendeni nyinyi wanne mpaka Kisian na kurudi, muone kama inafaa. Ama ni ngumu?"

"Ngumu?" Plasta alisimama. "Mama, mimi ni mtu wa afya!"

Tukapewa kapu lenye thamosi ya uji na nepi sita. "Adongo halali bila kushika sikio la mtu," akatuambia, na tukaondoka tukipunga mikono kama mawaziri.

Hatukuwa tumetoka mjini vizuri Apiyo alipotapika uji juu ya suruali ya Plasta. Adongo akaona wivu, akafanya lake kwa njia nyingine. Nepi ya kwanza niliifunga mimi, ikaanguka. Ya pili aliifunga Plasta kwa bendeji na plasta, ikagoma kufunguka ilipohitajika kufunguka haraka. Mbele kidogo mwalimu mmoja alisimama katikati ya barabara akatuzuia.

"Nipe mikate miwili."

"Hakuna mkate!" Kilomita akapiga kelele.

"Imeandikwa moto kila asubuhi."

"Sasa ni saa tisa!"

"Basi nipe ya baridi."

Tulipokaribia Kisian nepi zote sita zilikuwa zimekwisha. Tukamvika Adongo gazeti la Redio, Mjerumani na pazia zake akiwa upande wa ndani. Redio alilia kuliko mtoto. Injini nayo ikachemka, Kilomita akasimama karibu na soko kuomba maji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama mmoja mwenye karai la samaki alichungulia dirishani. Aliona wanaume wanne wenye jasho, gari ya mkate isiyo na mkate, na wasichana wawili wadogo wakilia, mmoja amevaa gazeti, mwingine amefungwa bendeji.

"Hawa watoto mmewatoa wapi?" akauliza.

"Ni wangu," akasema Kilomita.

"Mama yao yuko wapi?"

"Kwa benchi."

Lilikuwa jibu la kweli lakini halikusaidia. Mama akaweka karai chini na kuita kwa sauti, na soko zima likasogea. Vijana wawili walikaa mbele ya gari. Mmoja alikuwa na panga. Huenda alikuwa akitoka shambani tu, lakini mimi nilihesabu kidole kimoja kimoja cha mkono wangu wa kuandikia.

"Kama wewe ni baba," akasema yule mama, "wanaitwa nani?"

"Apiyo na Adongo."

"Kila mtu anaita mapacha hivyo. Huyu wa gazeti ni yupi?"

Kilomita alimtazama aliyefungwa bendeji. Akamtazama wa gazeti. Jasho likamtoka upya.

"Apiyo," akasema.

"Huyo ni Adongo," nikanong'ona.

"Adongo," akasema.

"Baba hajui watoto wake!" mama akawatangazia. Watu wakaguna. Apiyo akanyoosha mikono akasema "Baba!" kwa furaha. Alikuwa akimwambia Plasta. Kisha akamwambia hivyo hivyo kijana mwenye panga.

Adongo alikuwa amelia mpaka anakwama pumzi. Redio, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa tangu tusimame, akainama na kumpa sikio. Mtoto akalishika, akavuta pumzi ndefu mara mbili, akalala begani kwake.

Yule mama alimtazama Redio kwa muda. "Huyu ndiye baba," akatoa hukumu. "Mzee, pole. Na huyu dereva wako ni mwongo, mwangalie."

"Nitamwangalia, mama," akasema Redio.

Wakatupa maji. Tukarudi Kisumu Redio amekaa nyuma kama bwana mkubwa na mtoto wake, Kilomita akiendesha. Karibu na mjini ndipo aliposema, "Adongo ndiye ana alama nyuma ya shingo. Nilijua. Ni woga tu."

"Endesha, dereva," akasema Redio.

Tulifika kwenye benchi saa kumi na moja na nusu. Mama Aoko alitupokea na kidole mdomoni. Nyuma ya kibanda, juu ya mkeka, Beldina alikuwa amelala, viatu vimewekwa kando, mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa huko kama si wake.

"Tangu mlipoondoka," Mama Aoko akanong'ona. "Atakayemwamsha namwagia chai."

Kilomita alichuchumaa karibu naye. Nzi alitua kwenye shavu la Beldina, akamfukuza kwa kofia, taratibu, tena na tena, kwa karibu nusu saa. Hakuna aliyemtania.

Alipoamka alinawa uso, akajifunga kitambaa upya. Nilimwona kama ni mdogo wa yule mwanamke aliyekuja saa nane. Akawapokea watoto, akatazama bendeji, akatazama gazeti, hakuuliza.

"Safari ilikuwaje?"

"Beldina," akasema mumewe, "hii plani tuiache. Hata hapa ziwa iko."

"Tuiache kwa nini?" Beldina akajinyoosha mpaka mifupa ikalia. "Mimi nimeipenda sana. Jumamosi ijayo mfike Usenge."