Sekunde Kumi na Nne za Kunyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata mpango. Safari hii hauna kasoro. Binti yangu ni mpiga picha za eksirei kwenye kliniki ya meno karibu na posta. Miaka minne hasemi nami, tangu harusi yake ambayo sikufika. Nilisema naumwa. Simu hapokei, mlango hafungui. Lakini mgonjwa hawezi kumfukuza. Na mimi gego la juu sina tangu zamani. Nitaomba jino la kupandikiza. Silitaki hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa meno kanichungulia mdomoni. Kasema skrubu ya jino inachomekwa kwenye mfupa, na juu ya mfupa huo kuna sinasi, uwazi wenye hewa kando ya pua. Mfupa ukiwa mwembamba, skrubu itapenya hadi humo. Picha ya kawaida haitoshi, inatakiwa ya pande tatu. Nikamwambia hata nne, kama zipo. Hakucheka.

Binti yangu amenenepa kidogo, amependeza. Aliniita mzee, kama mgonjwa yeyote. Kidevu hapa, ng'ata hapa, usiseme, usimeze mate, sekunde kumi na nne. Akaenda nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kunizunguka kichwa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikasema, mwanangu, nisamehe. Na ile plastiki mdomoni, sauti ikatoka kama ya ng'ombe. Picha imeharibika. Humo nina pua mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Kurudia picha. Nilipanga kupiga chafya, irudiwe tena na tena hadi anizoee. Lakini akininyoosha kichwa alisema polepole, Baba, tulia tu, ukitulia tutakaa nje saa ya mapumziko tuongee. Baba! Nilitulia kama ukuta. Machozi yalishuka hadi kidevuni, sikuyafuta.

Picha safi. Alinionyesha kwenye kompyuta, akalizungusha fuvu langu taratibu. Mfupa milimita tatu tu, kisha weusi mtupu wa sinasi. Alisema wengi wako hivyo, ndiyo maana wanapima kwanza.

Kwenye benchi la nje aliuliza swali moja. Siku ile uliumwa kweli? Hakuwa na hasira. Nadhani angepokea ukweli wowote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nyumbani, nimevaa suti, nimenuna, kwa sababu mdogo wangu alifanywa mwenyekiti wa kamati ya harusi na mimi baba mzazi nikapewa kiti tu. Nilisubiri waje kunibembeleza. Nilifungua mdomo niseme hayo. Nikasema nilizirai kwa homa. Nikaongeza dripu mbili.

Akasema Baba Mdogo, yaani huyo mdogo wangu, alipita kwangu asubuhi ile kunichukua, akaniona dirishani, nimeketi na suti yangu. Binti alijua miaka yote minne. Akainuka, akarudi kazini.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki wamepiga simu. Mfupa uongezwe kwanza, ndipo jino. Na picha zijazo atapiga mwenzake, binti kaomba hivyo.

Nimelia. Nikanawa uso, nikafikiri sawasawa. Kasoro ya mpango ilikuwa udogo wake. Jino nani atalionea huruma? Kesho nitamtuma mdogo wangu amwambie kuna kitu kibaya kimeonekana kwenye ile picha, na kwamba siku zangu zinahesabika. Hapo atakuja mbio. Nimetandika shuka safi, nimejilaza kabisa tangu leo, nasubiri binti abishe hodi.