Namna Nilivyokinyoosha Kitabu cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Baba mkwe kaniletea kitabu chake nikichape. Mimi, si mwanawe wa kumzaa.

Mzee alikuwa mkaguzi wa mizani ya malori mpaka anastaafu. Sasa kaandika jinsi alivyokataa rushwa. Kurasa zaidi ya mia za kukataa tu! Jumamosi anawaalika wakaguzi wenzake wastaafu awasomee. Siku hiyohiyo atatangaza nani apewe chumba cha mbele cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara kuu. Mimi nakitaka kwa duka langu la kuchapa, maana hapa nilipo wateja hunifikia kwa kupotea njia. Kaka wa mke wangu anakitaka kwa ofisi. Ofisi ya nini? Ana digrii ya kompyuta. Basi. Namwita Digrii, hata mbele yake.

Nimekifungua kitabu kwenye kompyuta mpya ya kuchapia. Lahaula! Kila penye alama za kunukuu pamekaa vialmasi vyeusi. Na mzee hunukuu sana, hasa maneno yake mwenyewe. Nikakihamishia kwenye kompyuta ya kaunta, niliyoiunda kwa mikono yangu kutokana na mizoga ya nyingine nne. Kiko safi! Hapo ndipo utajua tofauti ya mashine ya dukani na mashine ya jasho.

Jumanne, 4 Juni

Nimelichimba tatizo hadi mzizi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ina namba yake, na orodha za namba ziko nyingi. Mzee kaandika kwa orodha ya zamani, mashine ya kuchapia inasoma kwa mpya. Kumbe hesabu! Kwenye hesabu mimi niko kwetu.

Mtandaoni nimepata maktaba. Si ya vitabu, ni fungu la programu alizokwisha kuziandika mtu mwingine ili wengine tusihangaike. Unaitajia orodha ya zamani, unaitajia mpya, inageuza. Maelezo yanashauri kubakiza nakala ya awali pembeni. Ushauri wa watu wasiojiamini. Nimegeuza hapohapo, juu ya ileile.

Nikatazama kwenye kaunta. Uchafu mtupu! Palipokuwa na alama moja sasa pana vidudu vitatu, cha kwanza kimevaa kofia. Kwenye mashine ya kuchapia sikutazama. Inakula umeme, na shahidi wa kuaminika alishatoa ushahidi.

Dawa isipofanya kazi, unaongeza dozi. Nimegeuza tena.

Programu imegoma! Inadai imekuta namba isiyo na herufi, haiendelei mbele. Nimeajiri fundi au mwanasiasa?

Jumatano, 5 Juni

Digrii kapita dukani, kitambulisho kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kasema shem, hebu nikitazame kidogo, kabla ya kugeuza maandishi lazima kwanza ujue yako kwenye orodha gani sasa hivi, si yalivyokuwa jana. Nimemjibu kwamba kitabu kinaendelea vizuri, ila barabara ya kurudi kwake ndiyo yenye foleni, awahi. Kaondoka kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi kuliko maneno yake.

Baadaye nimesoma maelezo upya. Kumbe programu ina tabia tatu za kuchagua ikikuta isichokijua. Ya kwanza, isimame. Ya pili, ikitupe. Ya tatu, iweke alama ya kuuliza mahali pake na kuendelea na safari. Kumbe ilikuwa kwenye ya kwanza! Nimechagua ya tatu. Kisha, nisiache mwanya, nimekishusha kitabu chote kwenye orodha ndogo kuliko zote, ile ya herufi za kawaida tu. Vidudu vyote vimekufa. Mahali pao pamejaa alama za kuuliza, tatu tatu, nne nne. Kila msururu nimeufupisha ukawa alama moja.

Nimetazama kwenye mashine zote mbili. Zimekubaliana neno kwa neno! Tangu nizimiliki hazijawahi kukubaliana.

Alama ya kuuliza ni alama kama alama nyingine. Inatenganisha maneno, kazi imeisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nakala zimetoka. Jalada linang'aa mpaka unajiona. Mke wangu kafungua katikati, kasoma kidogo, kaniuliza mbona baba anaonekana ana wasiwasi. Nimemwambia ni mtindo wa kisasa, unamshirikisha msomaji. Kanitazama vile anavyonitazamaga.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Sebule ilijaa wastaafu. Mzee kavaa miwani, kasimama. Sasa, mkaguzi wa mizani ana ugonjwa mmoja: husoma kilichoandikwa, hakadirii. Sindano ikisema hivi, ni hivi. Akasoma mahali dereva wa lori alipomwekea bahasha mezani. Akakuta alama ya kuuliza, akauliza. “Mimi sili rushwa?” Akaenda mstari wa pili, na sauti ikapanda tena mwishoni. “Katika maisha yangu sijawahi kupokea hata kumi?”

Mstaafu mmoja mnene akapasuka kwa kicheko, akasema jamani, mwenye kitabu anatuuliza sisi! Mwingine akamjibu kutoka kona: basi tumjibu, tulikuwepo!

Mzee angeweza kuacha. Hakuacha. Alifungua sura ya ndoa. “Huyu ndiye mwanamke pekee niliyempenda?” Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu mno. Nimewahi kusikia milango ikibamizwa, haijawahi kunitisha kama kile kikombe.

Chumba hakikutangazwa. Mzee kakaa chini, miwani mkononi, hakumtazama mtu. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumshuku, nami nimemtilia shaka kwa maandishi, tena kwa jalada linalong'aa. Iliniuma, sitaficha. Maktaba ile ni ya kushtakiwa.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu kaenda kwao kutuliza moto, karudi na hukumu. Digrii kakikuta kitabu cha awali kwenye kompyuta ya mzee nyumbani. Atakigeuza yeye. Mama mkwe kataka nisipewe tena hata kipeperushi. Lakini mzee ni mtu wa haki. Kasema lori likizidi uzito hurudishwa mizanini mara ya pili kabla ya kupigwa faini. Basi nami nipimwe tena: nichape upya, na nakala zikitoka safi chumba ni changu. Wastaafu walewale wataitwa, awasomee upya, ajisafishe. Sharti moja: nichape tu, nisiguse kitu.

Digrii naye kanipigia simu. Kasema shem, nakuomba, kifungue kwenye mashine ya kuchapia peke yake. Ile ya kaunta inasoma kwa orodha ya zamani, kitabu kilichogeuzwa vizuri itakuonyesha kimeharibika. Hata wewe ulipogeuza mara ya kwanza huenda ulikuwa umeshapatia.

Yaani aitukane mashine yangu, kisha anisifu kwa nisichokifanya! Nimemwambia nimekuelewa, shemeji. Kukata simu nako ni adabu.

Jumanne, 11 Juni

Kitabu kimefika. Digrii kaambatanisha ujumbe: usiguse, chapa tu.

Nimekifungua kwenye kaunta kwanza, kwa heshima ya mashine kongwe. Ha! Ha! Vidudu! Vilevile, vitatu vitatu, na kofia zao! Miaka yote ile chuoni, kapika kilekile nilichokipika mimi Jumanne ile, tena kwa mara moja tu!

Ningeweza kumwacha aaibike. Lakini kitabu ni cha mzee, na chini ya jalada limeandikwa jina la duka langu. Mtu mzima huficha aibu ya shemejiye. Nimekipitisha kwenye maktaba kimyakimya, tabia ya tatu, orodha ndogo, misururu nikaifupisha. Mashine zote mbili zimekubaliana tena. Alama za kuuliza mzee ameshazizoea, safari hii hatapandisha sauti.

Nakala zinatoka ninapoandika haya. Mke wangu kachungulia, kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia akapime madirisha ya chumba cha mbele, tununue mapazia.