Kadi Tatu za Kupagawa

Jumatatu, 4 Machi
Vita! Ofisini kwetu, tunakotunga kamusi, tumefikia neno "pagawa". Mimi nasema ni kuingiwa na pepo. Nukta! Kasuku, mwenzangu wa meza ya pili, anadai pia ni kupendezwa na kitu mpaka akili ihame. Upuuzi! Mhariri mkuu katuambia tuache kelele, tulete kadi. Kila maana, kadi tatu za maneno yaliyonaswa vinywani mwa watu wasiojua kwamba wanaandikwa. Mshindi ataongoza meza ya herufi P. Miaka kumi na tisa naisubiri meza hiyo!

Jumanne, 5 Machi
Saa tatu nzima nyuma ya pazia, dukani kwa shemeji, fundi cherehani. Hakuna aliyetaja pepo. Bibi harusi mmoja kajitazama kiooni, kapiga ukelele kwamba amepagawa na gauni! Kadi hiyo nimeificha soksini. Lugha lazima ilindwe dhidi ya wanaoizungumza. Shemeji kanifukuza. Ati wateja wanauliza yule mzee anapimwa nini tangu asubuhi.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu mpya. Mhariri na Kasuku nimewaalika chai kesho. Mama mkwe nimemfundisha aseme, kama kwa bahati tu, kwamba jirani kapagawa, anaongea kwa sauti ya pepo. Kauliza jirani yupi, maana yeye na wa kushoto wamenuniana. Nikamwambia yeyote, mama!

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Mama mkwe alimkodolea macho mhariri, kisha akaniuliza kwa sauti: niseme sasa, baba, au mpaka chai iishe? Mke wangu akaomba radhi. Ati nisamehewe bure, nimepagawa na kamusi, juzi nilimsahau mtoto shuleni. Kasuku akachomoa kadi, akaandika. Ilikuwa yake ya tatu. Meza imekwenda!

Ijumaa, 8 Machi (mke wangu anadai ni Jumapili, nitamjibu nikimaliza)
Rufaa yangu, ukurasa wa arobaini na moja. Hoja kumi na saba kuthibitisha kwamba mtu asiye na pepo hapagawi, na mimi sina pepo. Chai imeota utando. Mama mkwe kachungulia mlangoni, kamwambia binti yake: mwanangu, huyu kapagawa kweli, atafutwe wa kumpunga pepo.
Pepo! Kasema pepo! Na wala sikumfundisha!
Kadi yangu ya kwanza.