Chelel na Mfupa wa Kale

Jumatatu, 12 Mei 2025

Baraza kwa chifu. Mvua imekula ukingo wa mto wetu, pale wanapochota mchanga, na mifupa ya kale imeanza kuchungulia. Ijumaa atakuja mtaalamu kuiona. Atachagua mtu mmoja awe mlinzi wa ukingo na awaongoze wageni. Mtu huyo atapewa jaketi ya kijani inayong'aa gizani!

Mtu huyo ni mimi. Tangu waniondoe kwenye kamati ya kituo cha majani chai, hakuna anayeniita mwenyekiti. Nimebaki Kimeli mtupu, na inaniuma.

Chifu akauliza nani anaujua mto. Nikainua mkono. Okoth naye akainua wake. Okoth, jirani yangu, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka ziwani! Mto wetu ameujulia wapi? Akanicheka mbele ya watu: "Kimeli, wewe ni mtu ya majani chai. Mifupa utawezea wapi?"

Tutaona.

Jumanne, 13 Mei

Edinah, mke wangu, amenituma Sigowet kununua chumvi ya ng'ombe. Ni ya Chelel, ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa. Ya nyumbani iliisha zamani.

Nimerudi na nyundo ndogo na brashi. Mtu wa mifupa asiye na brashi anazurura tu mtoni. Edinah akauliza chumvi iko wapi. Nikasema imeisha madukani. "Sigowet yote, Baba Molly?" Nikasema yote. Akachukua ndoo ya kukamulia, akaenda zizini. Sipendi akiondoka hivyo.

Jumatano, 14 Mei

Mtoni tangu asubuhi. Majani chai yangu hayajachumwa. Yatangoja.

Nimejikwaa kwenye jiwe jeusi lililochomoza udongoni, lina vijiwe vidogo vimejipanga juu yake kama mahindi kwenye gunzi. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka! Nimelitukana jiwe hilo kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Okoth akapita. Nikamwambia kwa vile anaupenda mto sana, alichukue hilo liwe lake. Akajaribu kuliinua, akashika mgongo, akaliacha palepale. Akaliwekea tairi kuukuu kulizunguka ili mtu mwingine asiumie, kisha akakalia tairi. Mchana kutwa! Mvivu hana mfano.

Hatua chache mbele, bahati ikaniangukia. Mfupa! Mrefu, mweupe, mwepesi, una vifundo pande zote mbili. Nikaufunika kwa koti, nikaenda nao nyumbani nikichechemea.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeusugua mfupa mpaka brashi ikaanza kunyonyoka. Nikauanika juu ya ukuta wa zizi, penye jua. Edinah analalamika kwamba maziwa yamepungua, na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kumkaribisha mgeni, haitatosha. Nikamwambia mgeni atashiba kwa macho.

Jioni nikarudi zizini. Mfupa haupo. Chelel anatafuna, macho ameyafumba nusu, kama mzee aliyepewa nyama ya mbavu. Nikavuta. Akavuta. Akashinda.

Urithi wa taifa umo tumboni mwa ng'ombe! Nilikaribia kulia. Kisha nikajituliza: kinachoingia hutoka.

Ijumaa, 16 Mei

Tangu alfajiri nimemfuata Chelel nyuma nikiwa na ndoo. Sitaandika zaidi.

Mtoni walikuwepo wote: chifu, Okoth juu ya tairi lake, Edinah na kibuyu cha mursik. Mtaalamu ni mama mpole aitwaye Mokeira. Nikaweka ndoo mbele yake, nikaeleza kilichomo. Akarudi nyuma kidogo. Akauliza kama ng'ombe huyo hupewa chumvi. Nikasema hilo halihusiani na mambo ya kale. Akasema ng'ombe aliyekosa chumvi hutafuna mifupa, kila mfugaji anajua. Tena mfupa wa kale kweli huwa umegeuka jiwe; Chelel angevunjika meno. Wangu ulikuwa mfupa wa ng'ombe wa juzijuzi, pengine umetoka kwenye sherehe ya mtu.

Edinah akaitazama brashi iliyochomoza mfukoni mwangu. Masikio yangu yaliwaka moto.

Kisha Mokeira akamwomba Okoth ainuke. Akachungulia ndani ya tairi, akapiga magoti kwenye matope. Taya! Taya la mnyama wa kale, meno yote safu moja, halijaguswa. Akamsifu Okoth kwa busara ya kutolihamisha. Busara gani? Ni mgongo!

Jaketi amepewa Okoth. Inambana tumboni. Nikasema aliyeligundua taya ni mimi, ukucha wangu ndio ushahidi. Chifu akaniomba niondoe ndoo.

Jumapili, 18 Mei

Jana Edinah alienda Sigowet mwenyewe. Chumvi imejaa madukani. Ameimimina horini, akasema maziwa yasiporudi atampeleka Chelel kwa kaka yake Londiani, na yeye atabaki hukohuko. Hakucheka. Nimeogopa kweli. Leo kanisani nimeahidi kubadilika, na nilikuwa namaanisha.

Lakini mahubiri yalikuwa marefu, nikapata muda wa kufikiri. Ng'ombe asiye na chumvi hula mfupa. Jiwe halitafuni. Basi anachokikataa ndicho cha kale! Mokeira wa nini, na mashine ninayo zizini?

Nimekomba chumvi yote horini, nikaificha chini ya kikapu cha majani chai. Kwa muda tu. Nikampangia Chelel nilivyookota mtoni. Mfupa wa goti: amekula. Patipati kuukuu: amekula. Kola ya shati langu la kanisani: haikuwa kwenye mtihani, amekula. Kitu cha mwisho akakinusa, akageuza kichwa. Nikampa tena. Akakataa kabisa!

Ni kigumu, cheupe, kimepinda vizuri, kina ua dogo la bluu na sikio la kupitishia kidole. Kumbe hata wanyama wa enzi zile walipenda maua! Jaketi ya Okoth itabidi ipunguzwe kiunoni kabla sijaivaa.

Edinah anaita kutoka zizini. Anauliza chumvi imeenda wapi. Nimemjibu imeisha.