Leo Hatupimi, Leo Tunazindua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kutokana na dharura ya aliyealikwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, unayewakilishwa na makamu wako, ambaye naye anawakilishwa na dereva wake. Mkuu wa Shule na walimu wako. Viongozi wa ngazi zote, hata zile ambazo bado hazijaundwa. Wazazi, walezi, na nyinyi wanafunzi wa shule ya kati mliosimama juani tangu asubuhi kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mwanafunzi mmoja anakaa chini, anainuliwa.)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Kuzuia na Kubaini Matumizi ya Vilevi na Dawa za Kulevya kwa Wanafunzi wa Shule za Kati, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nathubutu kusema hakuna mratibu mwingine aliye nao. Nilipokabidhiwa dhamana hii niliita wadau, wadau wakaita wadau wenzao, tukafanya semina elekezi, tukafanya wekshopu ya kuipitia semina, tukaenda ziara ya mafunzo kwenye hoteli yenye utulivu, na tukaibuka na mpango mkakati uliochapwa kwa rangi. (Makofi kutoka meza kuu.)

Watu wananiuliza, Mratibu, matokeo yako wapi? Nawajibu kwa takwimu, maana mimi si mtu wa maneno. Katika awamu hii ya pailoti tumewafikia walengwa kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada ni juhudi zangu binafsi. Uelewa umepanda, hatari imeshuka, na pale vilipopishana tumepaita mafanikio. (Dereva anapiga makofi peke yake.)

(Mama mmoja, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, anasimama. "Samahani baba, binti yangu anapimwa lini? Yule pale nyuma, amevaa sweta nje ndani. Siku hizi anarudi nyumbani macho mekundu, nikimsemesha ni kama hayupo. Naona kuna kitu anavuta. Nimefunga kazi leo nije kwa ajili hiyo tu.")

Ahsante sana, mama. Swali lako nimelipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa nimelipokea, unaweza kukaa. (Kicheko meza kuu.) Ila niweke sawa jambo moja, ndugu zangu, maana kuna upotoshaji. Leo hatupimi. Leo tunazindua. Kupima ni suala la kitaalamu, linahitaji vipimo, na vipimo viko kwenye mchakato, na mchakato mkiuharakisha unaacha kuwa mchakato. Huwezi tu kumkalisha mtoto kwenye kiti ukamuuliza, mwanangu, una nini? Huo utakuwa ni utovu wa utaratibu.

("Basi muulizeni hivyo hivyo," anasema mama. "Mimi hanijibu. Labda mtu wa ofisi atamjibu." Mkuu wa Shule anampungia mkono akae.)

Sasa geukeni wote mkitazame chumba chenu. Mlango wa bluu, utepe mwekundu, na juu yake kibao: KITUO CHA UPIMAJI NA USHAURI, KARIBU MWANANGU. Maneno hayo mawili ya mwisho nimeyatunga mwenyewe nikiwa ndani ya gari. (Anakata utepe. Mkasi haukati. Anaazima wa mama fundi cherehani, unakata mara moja. Vigelegele.)

Tuhitimishe kwa kauli mbiu. Nikisema "Pima!" mseme "Mapema!" Nikitaja kilevi mseme "Kwaheri!" Pima! ("Mapema!") Pombe! ("Kwaheri!") Bangi! ("Kwaheri!") Kuvuta gundi! ("Kwaheri!" Nyuma kabisa wanafunzi wanacheka, wanagongana viwiko.)

Siwezi kuondoka bila shukrani. Namshukuru Mkuu wa Shule kwa kutuazima stoo yake ya mafagio mpaka saa nane, na fundi aliyeupaka rangi mlango upande huu unaoonekana. Namshukuru shangazi wa dereva kwa kukubali kuvaa koti jeupe na kusimama pale kama muuguzi. Shangazi, sasa unaweza kulivua, najua joto limekuzidi. Nawashukuru wenzetu wa shule ya jirani, tuliyoizindua jana, kwa kukitunza kibao bila kukikwaruza, na wale tutakaowazindua kesho kwa subira yao, maana kibao hicho ndicho programu yenyewe, na kina safari ndefu. (Makofi machache.)

Na shukrani ya pekee, hii inatoka moyoni. Asubuhi kibao kiligoma kukaa. Misumari tumeisahau ofisini, mimi jasho linanitoka. Nikauliza, jamani, hapa nani ana gundi? Wanafunzi wote wakamgeukia binti mmoja, jambo linaloonyesha jinsi anavyoheshimika. Mtoto mpole, macho mekundu kwa kusoma, amevaa sweta nje ndani. Akachomoa kwenye mkono wa sweta kichupa cha gundi ya viatu, akanipa. Nikajiuliza, ni watoto wangapi wa siku hizi wanaotembea na gundi wakiwa tayari kuisaidia shule yao? Nikamteua papo hapo kuwa balozi wa programu. Na kwa kuwa mimi simdhulumu mtoto mali yake, tulipomaliza nilimrudishia kichupa chake, bado kina gundi ya kutosha.

(Mama fundi cherehani anapita katikati ya mistari ya wanafunzi. Anamkunja binti yake mkono wa sweta, anachukua kichupa, anamshika mkono. Wanaelekea getini.)

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mama! Mama, umesahau mkasi wako! Na huyo binti mwache hapo, ndiye balozi wetu, bado hatujapiga picha ya pamoja.